Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuvuta maji mtoni na kwenye malambo kipindi cha ukame, Mwanza na kandokando ya ziwa

Nimekuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji kwenye kamto kamoja kanakomwaga ziwani upande wa Magu, na kila mwaka ikifika mwezi wa saba simu yangu haitulii, maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili mtu akiniuliza nimtumie tu. Swali linalotegemea lingine nimeandika uende kusoma lipi, sitarudia.

## Ya kuanzia

Shamba langu limepakana na mto. Si maji ni yangu?

Hapana. Tanzania maji yote, ya mtoni, ya ziwani, ya chini ya ardhi, ni mali ya umma na Rais ndo amekabidhiwa kwa niaba ya wananchi. Imeandikwa kwenye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji namba 11 ya mwaka 2009. Kuwa na shamba ukingoni kunakurahisishia kuyafikia, lakini hakukupi umiliki, na aliye kilomita kumi chini yako ana haki ileile uliyonayo wewe. Watu wengi wanaudhikaga wakisikia hivi, hasa wale ambao babu zao walilima hapohapo, naelewa, ila ugomvi mwingi wa mtoni unaanzia kwenye hili neno "yangu".

Nani anasimamia? RUWASA, MWAUWASA, au halmashauri?

Hakuna kati ya hao. Nchi imegawanywa mabonde tisa ya maji na kila bonde lina bodi yake. Sisi tuko Bonde la Ziwa Victoria na ofisi kuu ya bodi iko hapahapa Mwanza mjini. Bodi ya bonde ndo inatoa vibali, inapima mito, inakagua, inapunguza kiasi maji yakipungua.

MWAUWASA wanasambaza maji mjini, RUWASA wanashughulika na maji ya vijijini, na hao wote kwa bodi ni watumiaji kama wewe, wanavuta kwa kibali. Kwahiyo bomba lako la nyumbani likikatika usiende bodi ya bonde, na mtu akiziba mto usiende MWAUWASA.

Nachota kwa ndoo na madumu kwa ajili ya nyumbani, nahitaji kibali?

Hapana. Maji ya matumizi ya nyumbani, ya kunywa, kupika, kufua, kuoga, unachota bila kibali mradi njia uliyopita kufika mtoni ni halali. Kibali kinaingia pale unapoweka pampu ya kumwagilia, unapochimba mfereji, unapojenga banio, unapotengeneza bwawa, au unapochimba kisima kirefu. Usijidanganye kwamba pampu yako "ni ndogo tu", soma swali la pampu ya inchi tatu hapo chini.

Kibali chenyewe kinaandikwa nini?

Kinataja chanzo gani, sehemu gani ya kuvutia, kiasi gani, kwa shughuli gani, na masharti. Kuna ada ya kuomba na kuna ada ya kila mwaka ya matumizi. Kabla hujapewa watu wengine wa mto huo wanapewa nafasi ya kupinga, na wakaguzi wanakuja kuangalia. Ukipewa kwa ajili ya bustani ya nyanya huwezi kuanza kuuzia malori maji kwa kibali hichohicho.

Na hili naliandika peke yake sababu ndo linalosahaulika: kibali sio ahadi kwamba maji yatakuwepo. Kinakuruhusu kuvuta mpaka kiasi fulani ikiwa mto unayo, mto ukiwa hauna hauna, karatasi haitoi maji.

## Ukame ukishaingia

Nina kibali halali na nimelipia ada. Wanaweza kunipunguzia?

Wanaweza, na sheria inawapa hayo mamlaka. Chanzo kisipotosha watumiaji wake kwa sababu ya ukame, bodi inatoa taarifa na kusimamisha au kubadilisha vibali, kimoja au vyote vya chanzo hicho. Ada uliyolipa haikukingi. Kama unaona umepunguziwa kwa uonevu, kwa mfano wewe umefungwa na jirani mwenye kibali kama chako ameachwa, unakata rufaa na rufaa inakwenda kwa Waziri wa maji. Lakini usivute wakati unasubiri majibu, hapo utakuwa umeshajiharibia kesi yako mwenyewe.

Nani anatangulia maji yakiwa machache?

Mpangilio upo kwenye sheria. Kwanza maji ya binadamu kuishi. Pili maji ya mazingira, yaani yale yanayobaki yanatiririka ili mto uendelee kuwa mto. Hayo mawili ni akiba, hayagawiwi. Baada ya hapo ndo kilimo, viwanda, migodi, uoshaji magari na mengine yanagombania kilichobaki.

Watu wanakubaligi haraka hilo la kwanza. La pili ndo linaleta kelele, kila mkutano kuna mzee anasimama anauliza "yaani samaki na matete wapewe maji kabla ya mpunga wangu?" Jibu langu ni hili. Maji yakikatika kabisa hata kwa wiki mbili tu, mto unabaki vidimbwi, vidimbwi vinakuwa vya kijani, ng'ombe wanakunywa humohumo na watoto wanachota humohumo, kuhara kunaanza. Halafu visima vifupi vya kandokando navyo vinashuka, sababu vilikuwa vinalishwa na mto kwa chini. Kwahiyo ukisikia maji ya mazingira usiwaze ndege tu, waza kisima cha mama yako.

Anayetaka kuona mto ukinyang'anywa hiyo akiba unakuwaje aangalie Ruaha Mkuu. Ule mto ulikuwa unapita mwaka mzima, mwaka 1993 ukasimama kiangazi, na tangu hapo kukauka kumekuwa kawaida yake, huku juu kumejaa mashamba ya mpunga. Viboko wanarundikana kwenye tope.

Pampu yangu ni ya inchi tatu tu, inaweza kumaliza mto kweli?

Tupige hesabu pamoja. Pampu nyingi za petroli za inchi tatu kwenye lebo zinaandikwa kama lita 1,000 kwa dakika. Shambani haifiki hapo, mpira mrefu, kilima, injini imechoka, tuseme lita 600. Kwa saa moja ni lita 36,000. Ukivuta saa tano ni lita 180,000.

Sasa sera ya maji ya nchi ya mwaka 2002 ilihesabu mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku. Gawanya: lita 180,000 ni maji ya watu 7,200 kwa siku nzima. Pampu moja, asubuhi moja. Kwenye kamto ketu kuna msimu tulihesabu pampu kumi na nne kwenye kipande cha kilomita sita, na hapo hatujahesabu zile zinazowashwa usiku. Hakuna hata mmoja wa hao kumi na nne aliyekuwa mtu mbaya, kila mtu anaangalia pampu yake anaona ni ndogo.

Sasa tunagawanaje bila kupigana?

Hapa nitachukua nafasi, ndo swali ninalolijali kuliko yote.

Mwaka wetu wa kwanza tulikaa kikao mwezi wa tisa, maji yameshafika kwenye kifundo cha mguu. Kilikuwa kikao kibaya sana, watu wa juu walikuja na mapanga wakisema wametoka shambani, wa chini walikuja na kinamama na ndoo tupu, tulikaa mpaka giza hatukukubaliana kitu na usiku uleule pampu mbili zilitupwa mtoni. Mtu ambaye nyanya zake zimebakiza wiki tatu kuiva huwezi kumwambia azime pampu leo akakusikia.

Mwaka uliofuata tulikaa mwezi wa tano, masika ndo inaisha, mto umejaa, hakuna aliye na njaa wala hasira. Tukakubaliana sheria kabla ya shida. Tulipaka rangi kwenye nguzo ya daraja, alama tatu. Maji yakiwa juu ya alama ya kijani kila mwenye kibali anavuta kama kibali kinavyosema. Yakishuka kati ya kijani na njano tunaingia zamu, wa juu Jumatatu na Alhamisi, wa kati Jumanne na Ijumaa, wa chini Jumatano na Jumamosi, Jumapili mto unapumzika. Yakifika njano zamu inakuwa nusu ya masaa na mpunga haupati kitu, bustani tu. Yakigusa nyekundu pampu zote zinazimwa, zinabaki ndoo na mifugo.

Na tulifanya jambo moja lililosaidia kuliko rangi: alama zinasomwa na watu wawili, mmoja wa juu mmoja wa chini, kila asubuhi saa moja, wanapiga picha nguzo wanatuma kwenye grupu la WhatsApp. Hakuna anayebisha na picha. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea maneno ya mtu, na mtu wa juu kila siku anaonaga mto umejaa.

Alama zenyewe msizikisie. Bodi ya bonde wana watu wa kupima mtiririko, waombeni waje wawaambie maji yakifika sentimita kadhaa kwenye nguzo yenu ni lita ngapi kwa sekunde zinapita. Na kila baada ya mafuriko zirudiwe, sababu mchanga ukihama kina kilekile kinakuwa na maji tofauti.

Nimeshapanda, mazao yatakufa. Hakuna huruma?

Huruma tunaiweka mwanzoni, kwenye kupanga eneo la kulima. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika, wakisema mvua za chini ya wastani punguza ekari mapema, panda mbegu ya muda mfupi, acha mpunga panda dengu au mtama. Ukishapanda ekari nne za mpunga kwenye mto wa ekari moja, hakuna kikao kitakachokuokoa.

Kama umeshapanda tayari, mwagilia jioni au alfajiri, weka matandazo, fupisha mfereji wa udongo au weka mpira, kwenye nyanya na pilipili hoho kumwagilia kwa mipira ya matone kunaokoa maji mengi kuliko kujaza matuta. Na mkubaliane eneo la kuokoa: bora wote muokoe nusu nusu kuliko watatu wavune na kumi wapoteze.

Dar wao walifanyaje?

Oktoba 2022 vuli ilichelewa, Ruvu ikashuka na uzalishaji wa maji ya jiji ukaanguka kutoka lita milioni 466 kwa siku mpaka kama milioni 300. Mgao ukatangazwa, na serikali ikaenda juu ya mto kuondoa waliokuwa wanachepusha maji. Maji yaliongezeka kidogo, lakini angalia mpangilio wake, watu waliondolewa wakati mazao yako shambani na jiji lina kiu, kila upande una uchungu. Ndo maana narudia mwezi wa tano.

## Malambo na mabwawa

Sisi tuna lambo la kijiji, halihusiani na mto. Tuvute tunavyotaka?

Lambo lina hesabu ngumu kuliko mto, sababu mto unaletewa maji na lambo linaishi kwa kilichomo. Na mtumiaji wake mkubwa mara nyingi sio ng'ombe wala bustani, ni jua. Kanda yetu kiangazi maji yanapanda hewani kama milimita 5 kwa siku. Hekta moja ya uso wa maji ikipoteza milimita 5 ni lita 50,000, kila siku, bila mtu kugusa ndoo. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni karibu siku 150, hapo kina kimeshuka sentimita 75 na hamjachota.

Kwahiyo mwisho wa masika chomekeni mti wenye vipimo, someni kina, toeni sentimita 75 za jua, toeni na tope la chini ambalo halichoteki, kinachobaki ndo mnagawana mpaka vuli. Mkikuta ni kidogo, pangeni nani anaacha kuanzia Juni. Kijiji kimoja cha Kwimba ninachokifahamu walikuta kinachobaki kinatosha watu na ng'ombe tu, wakazuia bustani msimu mzima, watu wakalalamika, lakini mwezi wa kumi walikuwa na maji na wenzao wanatembea kilomita nane.

Lambo lenye kina linalinda maji kuliko lambo pana. Mkipata hela ya kufukua tope fukueni kwenda chini, msitanue.

Ng'ombe wanahesabiwaje?

Ng'ombe mmoja anakunywa kama lita 25 hadi 40 kwa siku kulingana na joto. Ng'ombe 500 kwa wastani wa 30 ni lita 15,000, ni chini ya nusu saa ya ile pampu. Kwahiyo mfugaji akilaumiwa kumaliza maji mara nyingi anaonewa. Kosa la mifugo ni kuingia, wanabomoa kingo, wanajaza tope, wanakojoa humo. Jengeni birika pembeni, vuteni maji yawafuate huko, na ukingo uzungushiwe minyaa.

Tunaruhusiwa kulima mpaka kwenye ukingo?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, hapo shughuli za kudumu hazitakiwi. Najua ndo kwenye udongo mzuri. Lakini udongo huo ukilimwa unaishia ndani ya lambo lenu.

## Ziwa

Ziwa Victoria ni bahari, kwa nini mnatusumbua na mambo ya kubana maji?

Swali zuri na jibu lake lina pande mbili.

Upande wa kwanza uko sahihi. Ziwa lina kama kilomita za mraba 68,800. Mitambo miwili ya jiji, Capri Point lita milioni 90 kwa siku na Butimba milioni 48, ikifanya kazi mwaka mzima bila kuzima inatoa kama mita za ujazo milioni 50. Tandaza hayo juu ya ziwa zima hayafiki milimita moja. Jua peke yake linachukua kama mita moja na nusu kwa mwaka. Kwahiyo jiji kunywa hakushushi ziwa.

Upande wa pili: ziwa linashuka kweli. Kati ya 2003 na 2006 lilishuka zaidi ya mita moja, mwaka 2006 likafika chini kuliko lilivyowahi kuwa tangu miaka ya 1920. Ukame ulichangia, na mabwawa ya umeme ya Jinja, Uganda, kufungulia maji kupita kiasi kilichokubaliwa nako kulichangia, wataalamu walikadiria kama nusu kwa nusu. Halafu Mei 2020 likapanda mpaka likavunja rekodi ya 1964, nyumba za ufukweni zikaingiwa maji. Kwahiyo kinachoendesha kina cha ziwa ni mvua, jua na mageti ya Jinja.

Tatizo letu sisi liko kwenye mito inayoingia. Simiyu, Magogo, Isanga, Mbalageti ni mito ya msimu, na kiangazi pampu kama zile kumi na nne zinaimaliza. Kijiji kiko kilomita thelathini kutoka ziwani hakinywi ziwa, kinakunywa mto.

Basi si serikali ivute ya ziwa ilete kwetu yaishe?

Inawezekana na imefanyika, mradi wa Ihelele kule Misungwi unapeleka maji ya ziwa Kahama na Shinyanga tangu 2009, baadaye yakafika mpaka Tabora. Na kuvuta kwenyewe kulikuwa na historia, sababu mkataba wa Nile wa 1929 Waingereza walikubaliana na Misri kwamba mtu asiguse maji ya maziwa haya bila idhini ya Misri, Mwalimu Nyerere akaukataa baada ya uhuru. Leo kuna makubaliano mapya ya nchi za bonde la Nile yaliyoanza kazi Oktoba 2024, Tanzania imo, Misri na Sudan hazimo.

Lakini maji hayo yanasukumwa kwa umeme, ni ya bomba, yanasafishwa, yana bei. Ni ya kunywa. Kumwagilia mpunga kwa maji ya kupandishwa mlima huwezi kurudisha hela.

## Yale ya pembeni

Nimechimba kisima kirefu mita 20 kutoka mtoni, hiyo si maji ya mto?

Mara nyingi ni maji ya mto yanayopita chini. Kisima kirefu kinahitaji kibali chake na kwenye ukame sisi tunakihesabu kama pampu ya mtoni, anaingia zamu.

Pampu ya sola haina mafuta, je?

Hapo uwe mwangalifu zaidi, sababu petroli ilikuwa inatusaidia kuzima. Sola inavuta kuanzia jua linatoka mpaka linazama bila kukuuma mfukoni. Weka mita na tenki, tenki likijaa ijizime.

Wachimba mchanga wanahusika vipi?

Sana. Kiangazi mito kama Simiyu maji yanajificha ndani ya mchanga, kinamama wanachimba wanachota. Mchanga ukibebwa na malori ile hifadhi inaondoka na visima vya jirani vinashuka. Toa taarifa kijijini na bodi ya bonde.

Mto wetu unatoka nchi nyingine. Tutawazuiaje wa juu?

Hiyo ni Mara, inatoka Kenya msitu wa Mau, inapita Masai Mara na Serengeti, inaingia ziwani kwetu mkoani Mara. Mwaka 2015 nchi zote mbili zilitia saini makubaliano ya kusimamia bonde lake pamoja. Kamati ya kijiji haiwezi kuzuia nchi jirani, ila vipimo vyenu vya kila siku ndo ushahidi bodi inaoenda nao mezani. Andikeni.

Nimemuona mtu anavuta usiku wakati wa nyekundu. Nifanyeje?

Usikate mpira wala kutupa pampu, tulishaona yanapoishia. Piga picha, andika saa, mpe mwenyekiti wa jumuiya na mtendaji. Kwetu mara ya kwanza anaitwa, ya pili anakosa zamu mbili, ya tatu jina linakwenda bodi ya bonde, na kuvuta bila kibali au kinyume na kibali ni kosa la jinai. Tangu tuanze picha za nguzo, ya tatu imetokea mara moja tu.

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha. Tuwashe?

Bado. Maji ya kwanza ni tope na uchafu wa kiangazi chote, na mchanga una kiu, unayanywa kabla hayajafika chini. Sisi tunasubiri alama ipande juu ya njano na ikae hapo siku saba mfululizo, halafu wanaanza wa chini, sababu wao ndo walikuwa wa kwanza kukosa. Wa juu wanawasha baada yao.